Deni Lina Mwenyewe: Barua ya Minnesota na Meseji ya Busia

Meseji iliniamsha saa nane na dakika kumi usiku, saa za Minnesota. Ilikuwa Aprili 2021. Nilikuwa nimetoka zamu kwenye nyumba ya wazee, nimelala saa moja tu, na kama mtu yeyote aliye ughaibuni, simu ya usiku kutoka nyumbani huifungua machozi yakiwa tayari karibu. Nilidhani ni msiba.

Haukuwa msiba. Namba ya +254 nisiyoijua ilikuwa imeandika kwamba Senge wangu ni mwizi, amekula pesa za watu na kuzima simu, na kwamba mimi kama mdhamini wake nilipe kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo majina yetu wawili yatafikishwa kwa polisi. Chini yake palikuwa na picha ya Senge mwenyewe, dada ya baba yangu, amevaa kitenge cha harusi ya binamu, anacheka. Juu ya kicheko hicho mtu alikuwa ameandika kwa herufi nyekundu: ANATAFUTWA.

Sikuwahi kumdhamini Senge kwa mkopo wowote. Kosa langu lilikuwa kwamba namba yangu imo kwenye simu yake. Amenihifadhi kama "Mtoto wa Kaka Marekani". Nadhani aliyekuwa akiipitia orodha ile, alipofika kwenye neno Marekani, alisimama kidogo akaona dola.

Kufikia jioni ya Busia meseji hiyo ilikuwa imemfikia mchungaji, mweka hazina wa chama, mwalimu wa mjukuu wake, fundi baiskeli, na yule Mganda wa Tororo anayemletea mahindi. Huyo wa mwisho ndiye aliyemuuma Senge kuliko wote. Biashara ya mpakani huendeshwa kwa mali kauli: unachukua magunia leo kwa mdomo, unalipa ukishauza. Hakuna rehani wala hati. Kinachosimama badala ya hati ni jina lako. Mkusanya madeni wa siku hizi hahangaiki na sofa. Anachukua jina kwanza, na mfanyabiashara wa mpakani akishapoteza jina hana tena mtaji wa kulipia deni lenyewe.

Mahindi yaliyokwama

Senge hakukopa kwa anasa. Yeye hununua mahindi upande wa Uganda, huyavusha gunia mbili tatu kwa baiskeli, na kuyauza Busia kwa debe na kwa gorogoro. Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakapanga foleni Busia na Malaba. Siku chache baadaye marufuku ikalegezwa kwa masharti, yakiwemo usajili wa waagizaji na cheti cha kupimwa sumukuvu. Kwa kampuni yenye malori, masharti hayo ni kazi ya karani mmoja. Kwa mama wa gunia tatu ni mlango uliofungwa.

Wiki moja kabla ya marufuku alikuwa amekopa shilingi 8,000 kwenye programu moja ya mikopo ya simu. Zilizoingia mkononi zilikuwa 6,800, kwa kuwa "ada" ilikatwa mwanzoni. Alitakiwa kurudisha 8,000 baada ya siku 14. Siku 14 zikapita mahindi yakiwa upande ule na pesa zikiwa ndani ya mahindi. Alipopigiwa, aliomba wiki mbili zaidi. Alipopigiwa mara ya tano kwa siku moja, akazima simu. Mwezi ulipoisha deni lilikuwa limefika 11,300, na hesabu ya namna lilivyofika huko hajaiona mpaka leo.

Nilimpigia asubuhi. Hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, hata wewe huko wamekufikia?" Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Nilitaka kumwambia apeleke malalamiko mahali. Sikujua ni wapi. Nilimtumia pesa, akalipa, meseji zikakoma. Mganda wa Tororo alikaa miezi minne bila kumpa mali kauli.

Bahasha isiyosema kitu

Mwaka uliofuata zamu ikawa yangu. Januari 2022 niliteleza kwenye barafu karibu na kituo cha basi, hapa Brooklyn Park, na msamaria mwema akaniitia ambulensi. Ambulensi ya Marekani ni teksi ghali kuliko zote duniani. Nilidhani bima imeshamaliza mambo, kumbe hapana. Baada ya miezi sita nikapokea barua kutoka kampuni ambayo sijawahi kuisikia, ikinidai dola 1,460.

Kilichonishangaza kwanza ni bahasha. Ilikuwa nyeupe, kavu, haina neno lolote kuhusu deni. Niliidhania tangazo la simu nusura niitupe. Nikajua baadaye kwamba ukavu huo ni amri ya sheria. Marekani ina sheria ya mwaka 1977 inayowabana wanaokusanya madeni kwa niaba ya wengine, na sheria hiyo inakataza kumtumia mdaiwa postikadi, au bahasha yenye maneno au alama zinazoonyesha kwamba aliyeandika ni mkusanya madeni. Hata tarishi hatakiwi kujua unadaiwa. Nilikumbuka picha ya Senge yenye herufi nyekundu, nikaketi.

Nilikuwa tayari kulipa siku hiyohiyo, kwa ile hofu yetu ya mgeni ugenini. Aliyenizuia ni mfanyakazi mwenzangu, mama wa Kiliberia ambaye ameshapita njia hiyo. Aliniambia nisilipe kwa simu wala nisikubali chochote kwa mdomo, niandike barua. Akanieleza haki zote za mdaiwa kama mtu anayesoma sala ya jioni, nami nimezithibitisha tangu wakati huo.

Mkusanya madeni lazima akupe maelezo ya deni: ni la nani, ni kiasi gani, limetoka wapi. Una siku 30 za kulipinga kwa maandishi, na ukilipinga anasimamisha kudai mpaka alete uthibitisho. Hakupigii kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 30 Novemba 2021 zinahesabu kwamba simu zaidi ya saba ndani ya siku saba kwa deni moja ni usumbufu. Hatakutishia jela. Ndugu yako anaweza kuulizwa unakopatikana, kwa kawaida mara moja tu, na anayeuliza haruhusiwi kutamka kwamba unadaiwa. Ukimwandikia aache kabisa kuwasiliana nawe, anaacha, isipokuwa kukujulisha kwamba anakoma kukudai au kwamba anaweza kuchukua hatua fulani. Akivunja sheria hiyo unaweza kumshtaki, na mahakama inaweza kukupa hadi dola 1,000 juu ya hasara uliyopata.

Niliandika barua ya aya mbili, nikaituma kwa rejista, nikahifadhi risiti. Wiki tano baadaye ikaja karatasi yenye mchanganuo: bima ilikuwa imelipa sehemu kubwa, na kilichobaki kwangu ni dola 390. Nililipa dola 65 kwa miezi sita. Kama ningelipa siku ya kwanza kwa hofu, dola 1,070 zingekwenda kwa watu ambao hawakunidai.

Ni haki pia niseme upande wa pili. Sheria hiyo inawabana zaidi kampuni za kukusanya madeni, si yule uliyekopa kwake mwanzo anapokudai mwenyewe. Na kinyume na wanavyofikiri wengi wetu, barua ya kuwanyamazisha haifuti deni. Wanaweza kwenda mahakamani, na usipojitokeza siku ya kesi, hukumu hutolewa bila wewe, kisha mshahara wako unakatwa, kwa madeni ya kawaida hadi robo ya kinachobaki baada ya makato ya lazima. Nimeona Mkenya mwenzangu akiweka barua za mahakama kwenye droo bila kuzifungua, akidhani ni karatasi tu. Marekani karatasi ndiyo fimbo. Asiyeisoma hupigwa kimya kimya.

Sheria ipo nyumbani pia

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiisimulia hadithi hii kwenye vikao vyetu vya Wakenya kama methali ya kizungu: tazameni wenzetu wana sheria, sisi tuna vitisho. Desemba 2024 nilipofika Busia kwa likizo, niligundua kwamba nimekuwa nikiwapotosha watu.

Hata wakati Senge alipodhalilishwa, Kenya ilikuwa tayari na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Kamishna wa Data wa kwanza, Immaculate Kassait, alikuwa ameapishwa Novemba 2020. Kisha Desemba 2021 ikaja sheria iliyoipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali, na Machi 2022 zikachapishwa kanuni zake. Zisome, utadhani zimeandikwa na mtu aliyeiona simu ya Senge. Mkopeshaji haruhusiwi kutumia orodha ya majina ya simu yako kuwatumia watu meseji unapochelewa kulipa. Haruhusiwi kutisha, kutukana, wala kuweka habari zako mtandaoni au kwenye jukwaa lolote ili kukuaibisha. Na lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Kumi wa kwanza walipewa mwezi Septemba 2022, na sasa wamepita 100, majina yao yakiwa kwenye tovuti ya Benki Kuu kwa yeyote anayetaka kuangalia.

Sheria ya data nayo imeuma. Aprili 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga kampuni ya mikopo ya Whitepath faini ya shilingi milioni 5 baada ya malalamiko yaliyokaribia 150. Septemba mwaka huohuo Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ikatozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine na kuwatumia vitisho. Kumbuka hapo: waliolindwa si wakopaji peke yao. Ni watu kama mimi, Mtoto wa Kaka Marekani, ambao hawakukopa kitu. Mtu ambaye namba yake imetumiwa bila ruhusa anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe, bila malipo, na sheria inaitaka ofisi hiyo imalize uchunguzi ndani ya siku 90.

Na polisi waliotajwa kwenye meseji? Kutoweza kulipa mkopo si jinai nchini Kenya. Mwaka 2010, katika shauri la Zipporah Wambui Mathara, Jaji Martha Koome, ambaye sasa ni Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa deni la mkataba kunapingana na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ambao Kenya imeuridhia. Majaji wengine baadaye waliona kifungo cha madai kinaweza kubaki, mradi utaratibu wa haki ufuatwe. Kwa hiyo usiambiwe hakipo kabisa. Ila ni mahakama inayokitoa, baada ya kesi, hukumu, na nafasi ya kueleza hali yako. Hakitolewi na kijana mwenye laini tatu za simu.

Nilimsomea Senge mambo haya tukiwa uani kwake, Marachi Estate. Alisikiliza akichambua mahindi. Akaniuliza, "Sasa hiyo ofisi, mtu huingia na nini?" Ndipo nilipoelewa tofauti ya kweli kati ya kwake na kwangu. Sheria zetu sasa zinakaribiana. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na barua, risiti na tarehe, naye alikuwa na uchungu tu. Meseji zote alizifuta siku ileile aliyolipa, kwa aibu, ili wajukuu wasizione. Ushahidi wa haki yake aliuchoma mwenyewe.

Dalali asiye na muhuri

Wiki hiyohiyo alikuja mtu kwa jirani. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na karatasi mkononi, akasema yeye ni dalali na amekuja kubeba televisheni, kitanda na cherehani. Jirani ni fundi nguo. Watoto wakaanza kulia, majirani wakasimama malangoni, na mimi na ujeuri wangu wa Minnesota nikamwomba anionyeshe leseni.

Kenya dalali si cheo cha kujipa. Lazima awe na leseni ya bodi yao, awe na hati ya mahakama au maagizo ya maandishi ya mdai mwenye haki ya kukamata mali, na kwa mali ya nyumbani huandika kwanza orodha ya vitu na kumpa mwenyewe siku saba za kukomboa. Hata hukumu ikishatoka, kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinamkinga mdaiwa: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za kazi havikamatwi. Cherehani ya fundi nguo ni zana ya kazi kama lilivyo jembe.

Yule bwana hakuwa na leseni, na karatasi yake haikuwa na muhuri. Alisema ataleta kesho. Hakurudi nilipokuwa huko. Lakini nikiwa mkweli, jirani naye hakuwa salama kabisa. Tuliposoma fomu ya kikundi chake cha mikopo, tulikuta ameorodhesha cherehani na kitanda kama dhamana na kutia saini. Kinga ya kifungu cha 44 inahusu utekelezaji wa hukumu. Kitu ulichokiweka rehani kwa mkono wako ni mazungumzo mengine. Alisaini kwa sababu wenzake wote walisaini, na afisa alikuwa na haraka.

Pikipiki za Malaba

Ukitaka kuona jambo hili kwa ukubwa wake, panda matatu mpaka Malaba. Mpaka huu ndio ulioipa dunia neno bodaboda: waendesha baiskeli waliowavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Siku hizi baiskeli zimepungua, pikipiki zimejaa, na nyingi ni za mkopo, zikiwa na kifaa cha kufuatilia kilichofichwa chini ya kiti. Mwendeshaji mmoja aliyenibeba kutoka Amagoro aliniambia amelipa miezi kumi na minne kati ya kumi na minane, na kila asubuhi akiamka hutazama kwanza kama pikipiki bado ipo.

Nilimuuliza mkataba wake unaitwaje. Akacheka. "Unaitwa deni, dada."

Jina la mkataba lina uzito. Sheria ya Kenya ya ununuzi kwa kukodi inasema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuinyang'anya bila kwenda mahakamani. Lakini mikopo mingi ya pikipiki haiandikwi kama ununuzi kwa kukodi. Huandikwa kama mkopo wenye pikipiki kama dhamana, na huko kanuni ni nyingine. Tofauti ya maneno mawili matatu juu ya karatasi inaweza kuwa tofauti ya pikipiki yenyewe, na vijana wengi hawana hata nakala ya karatasi hiyo.

Marekani nako magari hukamatwa usiku. Anayekamata haruhusiwi kuvunja amani: asivunje geti, asitishe, asipigane. Mwenye gari akisimama akakataa, anatakiwa kuondoka na kwenda kutafuta amri ya mahakama. Malaba, kijana akisimama akakataa, mara nyingi kinachofuata ni ngumi.

Kuvuka

Wakopeshaji nao wana kilio chao, nami sitakificha. Mpaka ni mlango wa nyuma wa kila mdaiwa. Watu hukopa Busia, wakavunja laini, wakavuka kwa njia ya panya, wakapanga chumba upande wa pili na kununua laini ya Uganda. Mama aliyewadhamini hubaki nyuma na fomu. Nimeshuhudia kikundi cha wanawake kumi na wawili kikilipa deni la mwenzao aliyehamia Uganda, kila mmoja akipunguza ada ya shule ya mtoto wake. Haki za mdaiwa hazikuandikwa kwa ajili ya huyo aliyevuka.

Na aliyevuka hajaokoka vilevile. Upande ule mikopo midogo ina mamlaka yake, UMRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, na Uganda ina sheria yake ya data ya mwaka 2019. Ukikopa kwa mkopeshaji wa Uganda kwa laini ya Uganda kisha ukarudi nyumbani, Benki Kuu ya Kenya si mahali pa kulalamikia. Kwa hiyo kabla hujabonyeza "kubali", jua unakopa upande gani wa mpaka. Watu wetu wanajua bei ya shilingi mbili hizi kila asubuhi kuliko benki. Wajue pia sheria mbili.

Kitu ambacho Minnesota haina

Hapa ndipo nisipokubaliana na wenzangu wa ughaibuni wanaotaka tuige kila kitu. Minnesota mwaka 2024 ilianza kutumia sheria mpya ya madeni: madeni ya matibabu hayaripotiwi tena kwa kampuni za takwimu za mikopo, na mume au mke habebeshwi moja kwa moja deni la hospitali la mwenzake. Ni sheria nzuri. Deni lina mwenyewe, basi. Lakini yule mama wa Kiliberia aliyenifundisha kuandika barua alikuwa amebeba deni lake miaka mitatu bila kumwambia hata dada yake anayeishi mtaa wa pili. Siri iliyomlinda ndiyo iliyomwacha peke yake.

Senge alipochafuliwa jina, mweka hazina wa chama aliyepokea meseji ileile aliitisha kikao. Hakuna aliyemcheka. Walichanga shilingi 200 kila mmoja, wakampa mtaji wa debe za kwanza, na mmoja wao akavuka mpaka kwenda Tororo kuzungumza na yule Mganda mpaka akalegea. Mkusanya madeni alitegemea kwamba watu wakijua, watamtenga. Watu walijua, wakamshika mkono. Hilo sitaki lizuiwe na sheria yoyote ya faragha. Ninachotaka ni kwamba Senge mwenyewe ndiye aamue nani ajue.

Kutoka Marekani nachagua kitu kimoja tu cha kuleta nyumbani, nacho si kigeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliisikia methali hiyo kama somo la mwenye duka. Ni somo la mdaiwa pia.

Kwa hiyo, msomaji wangu wa Busia, wa Malaba, na wewe uliye mbali ambaye jina lako limehifadhiwa kwenye simu ya mtu na neno Marekani au Dubai mwishoni: ukipigiwa, usitukane na usilipe papo hapo. Muulize ni nani, anadai kwa niaba ya nani, deni la lini, na mchanganuo wake uko wapi. Angalia jina la kampuni kwenye orodha ya Benki Kuu. Usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi. Piga picha kila meseji kabla hujaifuta, uandike tarehe na saa ya kila simu. Kama ni vitisho au wametumia namba za watu wako, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Kama ni mkopeshaji wa kidijitali, iandikie na Benki Kuu pia. Kabla ya kukopa, omba nakala ya mkataba, na usiorodheshe kama dhamana kitu unacholalia au kinachokulisha. Na kama deni ni la kweli, panga namna ya kulilipa na uyaweke makubaliano hayo kwa maandishi, kwa sababu aliyekukopesha naye ana watoto.

Senge sasa ana daftari la kurasa 96, jalada la bluu, analoliweka chini ya godoro pamoja na kitambulisho. Ukurasa wa kwanza ameandika namba ya mkopo wake mpya, kiasi alichopewa, kiasi atakachorudisha, na tarehe. Ukurasa wa pili kuna orodha ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kujua kwamba anadaiwa. Mimi ni wa pili.